Maswali ya wasomaji: plagi, feni na ukubwa wa kadi ya grafiki

Barua nyingi tulizopokea kutoka Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kati ya kadi hii na ile, ninunue ipi? Karibu zote zinataja jina la chipu na bei, basi. Jina la chipu halikwambii kadi inataka plagi gani ya umeme, ina urefu wa milimita ngapi, wala hewa yake ya moto inatokea upande gani. Kadi mbili zenye jina lile lile zinaweza kupishana kwa sentimita 8 na kwa plagi nzima. Ndiyo maana majibu yetu yanaanzia kwenye mashine uliyo nayo nyumbani, kisha ndiyo yanafika kwenye kadi.

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nina Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba, ya mtumba. Nahariri video za arusi na za kwaya. Muuzaji mmoja hapa mjini ananipa RTX 3060 pamoja na adapta ya kuchukua umeme kwenye waya wa diski kuu, anasema itatosha. Ni kweli? — Msomaji, Katuba

Jibu: Hapana, ndugu yetu, haitatosha, na hiyo adapta usiikubali hata ukipewa bure. Hesabu ni hii. Sloti ya ubao mama inaruhusiwa kuipa kadi wati 75 tu, na kati ya hizo 66 ndizo zinazopita kwenye volti 12. RTX 3060 inakula wati 170 ikiwa kazini. Wati 100 hivi zinabaki kutafutwa kwenye plagi iliyo juu ya kadi, na muuzaji anataka zitoke kwenye plagi ya SATA, ile bapa ya diski. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja na kikomo cha ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Utakuwa unavuta karibu mara mbili ya kikomo. Pini zinapata joto, plastiki nyeusi inalainika, pini zinasogeleana, na moshi unaanza. Pawasaplai, yaani kifaa kinacholisha mashine nzima umeme, haizimi mapema kwa sababu kwake hizo ni ampea chache tu. Haina njia ya kujua kwamba zimebanwa kwenye plagi ndogo.

Hata tukiitupa adapta, pawasaplai ya 9020 nyembamba ni ya wati 255 kwa mashine nzima, na prosesa nyingi za i5 na i7 zilizomo humo zimepangiwa wati 84. Huwezi kuweka pawasaplai yoyote ya dukani badala yake: umbo lake ni la Dell peke yake, na plagi kuu inayoingia kwenye ubao mama ni ya pini 8, si ile ya kawaida ya pini 24.

Halafu kuna kimo. Kasha hilo linapokea kadi za kimo kifupi tu, zile ambazo bamba lake la chuma la nyuma lina milimita 79 hivi. Bamba la kadi ya kawaida lina 120. Hakuna RTX 3060 ya kawaida itakayofunga humo, na kukata bamba hakusaidii kwa sababu bodi yenyewe ya kadi ni ndefu kwenda juu.

Unachohitaji ni kadi isiyo na plagi kabisa, inayoishi kwa wati za sloti pekee. Kwa kazi yako zipo nne za kufikiria. RTX 3050 yenye kumbukumbu ya GB 6 inatumia wati 70 na inapatikana kwa kimo kifupi, lakini soma boksi lake vizuri: RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine, inatumia wati 130 na inataka plagi ya pini 8. Wauzaji wengi wanaziita kwa jina moja. GTX 1650 ya kimo kifupi ina wati 75, nayo uigeuze uitazame juu, maana baadhi ya matoleo yake yana plagi ya pini 6. T1000 inatumia wati 50 na ni nyembamba, inakaa kwenye sloti moja tu. Matundu yake ya skrini ni mini DisplayPort, kwa hiyo weka kwenye bajeti adapta ya kwenda HDMI.

Ya nne ni RX 6400, na hiyo tunakuomba uiache. Wati zake 53 zinavutia na bei yake huwa ndogo, ila chipu yake haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili la mwisho. Siku unapotoa arusi ya saa tatu, kazi yote itarudi kwenye prosesa kama vile hukununua kadi. Tena inatumia njia 4 tu za PCIe, ile barabara ya data kati ya kadi na ubao mama, na imepangiwa kizazi cha 4 cha PCIe. 9020 ni ya kizazi cha 3, hivyo mwendo kati ya kadi na mashine unakatwa nusu.

Kabla ya kuchagua, fungua kifuniko uhesabu nafasi. Sloti moja hadi nyingine ni milimita 20. Tazama sloti ndefu ya kadi ya grafiki na kilicho jirani yake: kama kuna nafasi ya sloti mbili bila kugusa pawasaplai wala waya, chukua RTX 3050 ya GB 6. Kama ni sloti moja, chukua T1000, ya GB 8 ukiipata. Hakikisha bamba fupi limo kwenye boksi la kadi, kwa sababu kadi za mtumba mara nyingi huuzwa na bamba refu peke yake, na bamba fupi la kadi hiyo hiyo ni shida kulipata. Ukimaliza kufunga, chomeka skrini kwenye kadi, si kwenye tundu la ubao mama.

Swali: Jamani, nisaidieni kuchagua. Nina kasha la kawaida, ndani nimepima milimita 270 kutoka bamba la nyuma hadi kizimba cha diski. Pawasaplai imeandikwa 500 W, ina plagi moja ya 6+2. Nimeonyeshwa RTX 3060 ya GB 12, RTX 4060 na RX 6600. Ni kwa michezo na Blender kidogo, ile programu ya kuchora picha za 3D. — Msomaji, Kampemba

Jibu: Kupima kabla ya kuuliza ni nusu ya kazi, asante. Kipimo kimoja umekisahau: je, kuna feni mbele ya kasha, upande wa ndani? Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25. Ikiwa imekaa kwenye mstari wa kadi, 270 yako ni 245.

Tukianza na umeme, RTX 4060 imepangiwa wati 115, RX 6600 wati 132, RTX 3060 wati 170. Plagi ya pini 8, ndiyo hiyo 6+2 yako, inaruhusiwa wati 150, ukijumlisha 75 za sloti unapata 225. Zote tatu zinaenea kwenye plagi yako moja, mradi uchague toleo lenye plagi moja. Hapo ndipo watu wanapokwama. RTX 3060 Eagle OC ya Gigabyte ina plagi moja ya pini 8 na urefu wa milimita 242. RTX 3060 Gaming OC ya Gigabyte hiyo hiyo ina plagi mbili, ya pini 8 na ya pini 6, na urefu wa milimita 282. Chipu moja, kampuni moja. Ya pili haiingii kwenye kasha lako wala haina waya wa kuilisha. Kati ya zilizo fupi, Ventus 2X ya MSI ina milimita 235, Twin Edge ya Zotac 224, na Dual V2 ya ASUS 200. Kwa RTX 4060, Windforce ya Gigabyte ina milimita 192 lakini Gaming OC yao inafika 281. RX 6600 Pulse ya Sapphire ina 193 hivi.

Usisahau upana, yaani kutoka sloti kwenda kwenye mlango wa pembeni. Kadi nyingi zina 115 hadi 125, na plagi inatokea juu ya hapo pamoja na mkunjo wa waya. Ukibaki na milimita 30 kati ya kadi na mlango, uko salama. Ukibaki na 10, mlango utaukandamiza waya kila siku, na plagi itaanza kulegea.

Sasa pawasaplai. Neno 500 W lililochapwa kwa herufi kubwa liache, soma jedwali dogo la lebo kwenye mstari wa +12V. Zidisha ampea za hapo kwa 12. Ukikuta ampea 38 hadi 41, ni pawasaplai ya kweli ya wati 500. Ukikuta 22 au 25, una wati 264 au 300 kwenye njia inayolisha prosesa na kadi. Zilizobaki ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kadi yako haizitumii. Pawasaplai za namna hiyo zimejaa sokoni. Kwa hizo, RTX 4060 ndiyo pekee tungeithubutu, na prosesa isiwe ya kula sana.

Uamuzi wetu: kwa sababu umetaja Blender, ondoa RX 6600, kwa Blender kadi za Nvidia zinaitangulia mbali. RTX 4060 inakula kidogo, inapoa kirahisi, na kwa anayetumia jenereta au betri za sola tofauti ya wati 55 inaonekana kila jioni. RTX 3060 ina GB 12 dhidi ya GB 8, na picha nzito ya Blender ikishajaza GB 8 inaanza kusuasua au kukataa kabisa. Michezo kwanza, chukua 4060 fupi. Blender ikizidi kuwa kazi, chukua 3060 fupi.

Swali: Mimi ni mchora ramani za chini ya ardhi kwa ajili ya migodi. Nimepata RTX 4090 ya mtumba, lakini nimesikia plagi zake zinaungua. Pawasaplai yangu ni ya wati 850 na ina plagi nne za pini 8. Niogope? — Msomaji, mtaa wa Golf

Jibu: Uogope kiasi cha kuwa mwangalifu. Plagi ya pini 16 ya kadi hizo imeruhusiwa hadi wati 600. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, zinazogawanywa kwenye pini 6, yaani ampea 8.3 kwa kila pini. Kikomo cha pini yenyewe ni 9.5. Linganisha na plagi ya zamani ya pini 8: wati 150 ni ampea 12.5 kwenye pini 3, kama 4.2 kila moja. Plagi ya zamani iliachiwa nafasi kubwa ya kukosea, hii mpya imeachiwa ndogo. Kibaya zaidi, ndani ya RTX 4090 pini zote 6 zimeunganishwa pamoja. Pini mbili zisipogusa vizuri, nne zilizobaki zinabeba mzigo wote, na kadi haina namna ya kutambua. Inaendelea kuvuta, plastiki inayeyuka.

Sababu ya kawaida ni plagi isiyoingia hadi mwisho. Izime mashine, chomoa waya wa ukutani, washa tochi utazame kutoka pembeni: kati ya mdomo wa plagi na soketi ya kadi pasiwe na mstari wa mwanga. Ukiona ufa hata wa milimita moja, sukuma kwa vidole gumba viwili hadi kifungo kidogo cha juu kishike, kisha vuta kidogo kuhakikisha. Waya uende moja kwa moja walau milimita 35 kabla ya kuanza kukunjwa, na usikunjwe kwenda kushoto au kulia, kwa sababu mkunjo wa pembeni unainua pini za upande mmoja. Hapo ndipo upana wa kasha unapokuwa suala la usalama. Toleo la Nvidia lenyewe lina upana wa milimita 137, urefu wa 304 na unene wa 61. Strix ya ASUS inakaribia 358 kwa 149. Ongeza 35 na mkunjo: kama mlango wako hauko milimita 180 hadi 190 kutoka kwenye sloti, kasha hilo halifai.

Soketi iliyorekebishwa inaitwa 12V-2x6, na inapokea waya zile zile. Ndani yake pini 4 ndogo za mawasiliano zimefupishwa, hivyo plagi isipoingia hadi mwisho kadi haipati idhini na haiwaki. RTX 4090 za mwanzo hazina soketi hiyo. Unaponunua ya mtumba, toa tochi papo hapo dukani uchungulie kila tundu la soketi: rangi ya kahawia, plastiki iliyovimba, au pini moja iliyopoteza mng'ao, rudisha kadi. Omba na waya wake uuone, kwa sababu alama huanzia huko.

Adapta inayokuja na kadi inachukua plagi tatu au nne za pini 8. Kila moja iwe na waya wake kutoka pawasaplai. Waya mmoja wenye plagi mbili njiani usiutumie kwa plagi zote mbili, maana waya hizo hizo za upande wa pawasaplai zitabeba mzigo wa mbili.

Swali ambalo hukuliuliza ndilo tungependa ulifikirie: kazi yako inahitaji GB 24 kweli? Fungua mradi wako mkubwa kuliko yote, tazama kumbukumbu ya kadi unayotumia sasa imejaa kiasi gani. Ikiwa GB 16 zinaenea, RTX 4070 Ti Super inatumia wati 285. Kwenye plagi hiyo hiyo ya pini 16 inakuwa kama ampea 4 kwa pini, mzigo ule ule wa plagi ya zamani. Na ukibaki na 4090, ishushe kikomo cha umeme kutoka 450 hadi 350 kwa programu kama MSI Afterburner. Kasi inapungua kwa asilimia chache tu, na pini zinapumua.

Swali: Kadi yangu ni RTX 2060 yenye feni mbili. Tangu kiangazi kianze inafika nyuzi 84, feni zinalia, na mchezo unakatakata. Fundi anasema kadi imechoka, ninunue yenye feni moja ya kupuliza nje. — Msomaji, Ruashi

Jibu: Kadi haijachoka, ina vumbi, na huenda pesti yake, ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoza joto, imekauka. Kadi hii ikifika karibu na nyuzi 83 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kukatakata ndiko huko.

Pima kwanza. Weka programu ya HWiNFO, cheza dakika 20, soma namba mbili: joto la chipu na joto la sehemu yake yenye moto zaidi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 ni ya kawaida. Ikiwa zote mbili ziko juu lakini zimekaribiana, hewa haipiti, safisha vumbi. Ikiwa ya pili inaizidi ya kwanza kwa 25 au zaidi, pesti haigusi vizuri. Jaribu pia kucheza mlango wa kasha ukiwa wazi: joto likishuka kwa nyuzi 8 au 10, kosa liko kwenye hewa ya kasha, na kubadilisha pesti hakutakusaidia.

Vumbi jekundu la kiangazi cha Lubumbashi ni laini sana, linashikana kwenye mapezi ya alumini na kutengeneza zulia upande ule ambao feni inapuliza. Kwa nje feni zinaonekana safi. Toa kadi, nenda nje, tumia brashi laini na hewa ya kubana. Wakati wa kupuliza, zishike feni kwa kidole zisizunguke: hewa ya kompresa inaweza kuzizungusha kupita mwendo wake, bearingi zikaharibika. Kompresa ya gereji za magari hutoa na maji, kwa hiyo puliza chini kwanza hadi hewa iwe kavu.

Ikibidi kubadilisha pesti, fanya hivi. Ilaze kadi kifudifudi, fungua skrubu 4 zenye springi zinazoizunguka chipu, kila moja nusu mzunguko kwa zamu ya msalaba, kisha skrubu zilizobaki. Usivute kipoza joto kwa nguvu: waya za feni bado zimeunganishwa na bodi, na plagi yake ndogo nyeupe ikivunjika ni kazi ya kulehemu. Inua kidogo, zungusha kushoto na kulia hadi pesti iachie, ndipo uchomoe waya. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Weka mpya, ya kutosha kuifunika chipu yote kwa tabaka jembamba. Chipu ya kadi haina kifuniko kama prosesa, kona isiyofunikwa itaungua peke yake.

Pedi laini zilizo juu ya kumbukumbu ndizo zinazoharibu kazi ya mafundi wengi. Kama hazijachanika, ziache. Kama zimechanika, pima unene wake kwa kalipa sehemu ambayo haikubanwa, kwa sababu kadi moja inaweza kuwa na za milimita 1 na za 1.5. Ukiweka nene kupita kiasi, kipoza joto kinaegemea pedi na hakiigusi chipu: utawasha mashine na kuona nyuzi 90 ndani ya dakika moja. Ukiweka nyembamba, chipu itapoa lakini kumbukumbu itaungua kimyakimya, na utaanza kuona vidoa vya rangi kwenye skrini.

Kuhusu kadi ya feni moja ya kupuliza nje: hiyo inavuta hewa na kuisukuma yote kupitia bamba la nyuma, hivyo haichemshi kasha. Inafaa kwenye kasha lililobana au kadi mbili zinapokaa jirani. Kwa kadi moja kwenye kasha la kawaida, ya feni mbili au tatu inapoa zaidi kwa kelele kidogo, ila joto lake lote linabaki ndani ya kasha hadi feni za kasha zilitoe. Na mapezi ya kadi ya kupuliza yamebanana, yamefungiwa ndani ya plastiki. Vumbi letu likiingia humo, hulisafishi bila kufungua kadi nzima. Kwa Ruashi, hatukushauri. Weka feni mbili mbele za kuingiza hewa na moja nyuma ya kutoa, ili hewa nyingi iingie kupitia mahali ulipoweka kichujio badala ya kunyonywa kwenye kila ufa. Kichujio cha soksi ndefu ya nailoni kinafanya kazi, mradi ukifue kila wiki mbili za kiangazi.

Jambo moja zaidi kwa wanaosoma vipimo vya kadi vilivyofanyiwa nchi za pwani: Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 11. Feni inayozunguka mara zile zile inabeba joto pungufu kuliko huko pwani. Ukiona kadi yako iko nyuzi tatu au nne juu ya zile za majaribio, si lazima iwe mbovu. Kati ya toleo fupi la feni moja na la feni mbili lenye mirija mingi ya joto, hapa tungelipia la pili.

Swali: Kila nikianzisha mchezo, UPS (ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) inalia na mashine inazima, hata umeme wa SNEL ukiwepo. Kadi ni RTX 3080. UPS ni ya 650 VA. — Msomaji, Kamalondo

Jibu: Soma wati, si VA. UPS nyingi za 650 VA zinatoa wati 360 hadi 390. RTX 3080 peke yake imepangiwa 320, na kwa sekunde iliyogawanywa mara elfu inaweza kuruka mbali juu ya hapo. Prosesa na skrini bado hujazihesabu. Umeme wa ukutani ukishuka, UPS inahamia kwenye betri, inakutana na mzigo usiouweza, inakata. Unahitaji ya wati 900 hivi, au uishushe kadi hadi wati 220 na kuitoa skrini kwenye UPS. Printa isiwe humo kamwe.

Swali: Waya wa kadi ulipotea. Nimepata mwingine kutoka pawasaplai ya kampuni tofauti, unaingia vizuri kabisa pande zote mbili. Nitumie? — Msomaji, Annexe

Jibu: Usitumie. Upande wa kadi una kanuni moja kwa kampuni zote, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka, hata matoleo mawili ya kampuni moja hutofautiana. Waya unaweza kuingia kwa ulaini na kupeleka volti 12 kwenye pini ya ardhi (groundi), na kadi inakufa mara ya kwanza unapobonyeza kitufe. Vilevile plagi ya prosesa yenye pini 8 si ya kadi: ile ya prosesa hugawanyika 4+4, ya kadi 6+2, na volti zake ziko upande wa pili. Pini zimekatwa umbo tofauti ili zisiingiliane, kwa hiyo ukijikuta unatumia nguvu, simama.

Swali: Nahamia Kolwezi na mashine yangu, kadi ni nzito, ya feni tatu. Niitoe kwanza? — Msomaji, Lubumbashi

Jibu: Itoe. Kadi za feni tatu nyingi zinapita kilo moja, na kubwa kabisa zinazidi kilo 2. Uzito wote unaning'inia kwenye skrubu mbili za bamba na kifungo cha sloti. Mtikisiko wa barabara unapasua bodi ya kadi kwenye kona iliyo karibu na kifungo, ufa mwembamba ambao mara nyingi hauonekani hadi uwashe. Chomoa plagi, fungua skrubu, bonyeza kifungo cha sloti kabla ya kuvuta, iweke kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uizungushie nguo, ukae nayo mbele. Kasha lisafiri limelazwa, ubao mama ukiwa chini. Ukifika na kuirudisha, weka kitegemezi chini ya ncha yake ya mbele, hata kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo, kisiguse feni.